Unyevu wa Alhamisi

Ufunguo wa ghala la mwani pale Mlingotini ulikaa shingoni mwa shangazi yangu tangu nikiwa shule ya msingi. Aliufunga kwa utepe wa kanga iliyochakaa, na kila alipoinama kupuliza moto ulining'inia mbele yake, akaurudisha ndani ya gauni kwa kidole kimoja bila kuutazama. Wanawake wa kikundi cha wakulima wa mwani walimkabidhi kwa kauli moja. Kila mmoja alisema mwenzake huenda akasahau kufunga, lakini yule hasahau. Ufunguo huo ulimtoka kwa sababu yangu. Nalisema hili mapema, kwa kuwa nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na katika kujitetea mimi ni hodari.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiambiwa chai ina sukari, nakoroga kwanza ndipo ninywe. Nikiona watu wawili wamenyamaza nilipoingia, naamini walikuwa wananisema, na siku nyingine huwa kweli. Shangazi ndiye aliyenilea, maana wazazi wangu walihamia Ubena kutafuta riziki kando ya barabara kuu, mimi nikaachwa pwani nimalize shule. Alinilea kwa uji wa mchele, kwa makofi machache, na kwa kombe. Asubuhi ya kila mtihani mkubwa alikwenda kwa mwalimu wa madrasa na sahani nyeupe. Mwalimu akaandika aya kwa wino wa zafarani, shangazi akaziosha kwa maji na marashi kidogo, nami nikayanywa maji yale nimesimama mlangoni na sare yangu. Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam nilimwambia sasa apumzike, kule mitihani ni ya hesabu na nyaya, haina habari na sahani. Alicheka, akaendelea kupeta mchele.

Nilisomea uhandisi wa kompyuta. Mwaka wa mwisho nikachagua masomo ya vifaa vyenye kompyuta ndogo ndani yake, vile vinavyopima jambo mahali fulani na kupeleka habari zake mbali kwa mtandao wa simu. Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi cha maabara, na kikombe chake cha chai hakikuwa mbali naye. Siku ya kwanza aliweka mezani vihisi vitatu vya joto, vidude vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na kioo chake cha namba. Namba zilikuwa tatu tofauti. Akatuuliza kipi kinasema kweli. Tukapiga kura, tukabishana, wengine wakaanza kukokotoa wastani. Akasogeza kikombe chake cha chai kutoka nyuma ya kihisi cha kwanza, akaonyesha upepo wa kiyoyozi uliokuwa ukipuliza cha pili.

"Kihisi hakisemi kweli wala uongo," alisema. "Kinasema kilichokigusa. Kazi yenu ni kwenda kutazama kimeguswa na nini."

Nilifurahi sana siku ile. Nilijiona nimefika mahali ambapo tabia yangu, iliyonigombanisha na marafiki tangu utotoni, ilikuwa somo lenye alama. Sasa naona nilisikia nusu ya maneno yake. Nilisikia kwamba nisiamini, na ile sehemu ya kwenda kutazama ikanipita.

Maabara yenyewe ilikuwa na hewa ya kushukiana. Tulikuwa wanafunzi wengi na vifaa vichache, na ukiacha ubao wako wa saketi mezani ukaenda kula, ukirudi unaweza kukuta waya umechomolewa. Wenzangu walificha kazi zao kwa neno la siri. Mimi nilizidi. Nilinunua rangi ya kucha nyekundu, na kila nilipofunga boksi nilidondoshea tone juu ya kila skrubu, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye plastiki, ili mtu akifungua rangi ipasuke nimjue. Hakufungua mtu hata siku moja. Hilo halikunituliza, nilisema tu kwamba ni wajanja.

Mradi wa kumaliza masomo ulikuwa na sharti moja gumu: kifaa kikae mahali pa watu halisi kwa wiki nane na kilete namba za kuaminika. Bila namba hizo hakuna kuhitimu. Mimi nikachagua ghala la mwani la nyumbani. Wanawake wetu hulima mwani baharini, bahari ikipwa vizuri huenda kufunga mbegu, vipande vya mwani mbichi, kwenye kamba na kuvuna, kisha huanika na kuweka kwenye magunia. Mwani mkavu ukivuta unyevu unaharibika, na msimu uliopita mnunuzi alikuwa amerudisha magunia kadhaa akisema yana maji. Alisema kwa sauti ya mtu anayemaanisha kwamba maji hayakujileta. Tangu siku ile kikundini palikuwa na kimya fulani, kila mtu akimtazama mwenzake kwa pembeni, na mimi nilikiona kimya kile mara moja.

Kifaa changu kilikuwa boksi la plastiki la mafundi umeme, nililonunua Bagamoyo mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chini nililitoboa matundu kwa msumari wa moto ili hewa ikifikie kihisi cha unyevu. Ndani palikuwa na kompyuta ndogo, betri, na laini ya simu, na mlangoni niliweka swichi ya kutambua mlango ukifunguliwa. Unyevu ukipanda, ujumbe unakuja kwenye simu yangu chuoni, nami nampigia shangazi afungue madirisha. Nilikipigilia ghalani kwenye boriti, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, nikadondoshea skrubu zote nne rangi yangu.

Wanawake walikuja kukitazama. Mmoja akauliza kama kinasikiliza mazungumzo. Mwingine akataka kujua kama kitapeleka habari zao kwa watu wa kodi. Wa tatu akasema yeye hajali kodi, anachotaka kujua ni kama mumewe anaweza kununua cha namna hiyo. Tukacheka, lakini wawili walihama wakaenda kukaa upande mwingine wa ghala. Niliwaambia hakina masikio, kinapima hewa tu, na nikawakataza wasikiguse wala wasikisogezee maji hata wakipiga deki.

Shangazi hakuuliza habari za kodi. Aliuliza, "Na wewe kule chuoni utajuaje?"

Nilitaka kumweleza kwa lugha nyepesi. Nilijivunia kwamba naweza kueleza mambo magumu kwa lugha nyepesi.

"Shangazi, hiki na mimi ni kitu kimoja. Kikipata unyevu hapa, mimi naupata kule saa hiyohiyo."

"Saa hiyohiyo?"

"Hata mlango hujaufunga, mimi tayari ninao."

Akaitikia kwa kichwa, akalitazama lile boksi kwa muda mrefu, kisha akafunga ghala na tukaenda kula.

Wiki ya kwanza namba zilikwenda vizuri, zikipanda alfajiri na kushuka mchana. Alhamisi, baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba nikila karanga, simu ikatetemeka. Unyevu ulikuwa umeruka ghafla karibu na ukomo wake. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Nikampigia shangazi hapohapo.

"Shangazi, unyevu umepanda."

"Umeupata?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa na furaha kuliko yangu.

"Nimeupata. Umekuja sasa hivi."

"Alhamdulillahi."

Nikamwambia afungue madirisha. Akasema atafungua. Nilidhani anafurahia kwamba kidude cha mwanawe kinafanya kazi, na kwa siku ile hilo lilinitosha.

Alhamisi iliyofuata unyevu uliruka tena, saa ileile. Nikampigia, akaniuliza tena kama nimeupata, nikasema nimeupata, akamshukuru Mungu. Alhamisi ya tatu sikupiga mara moja. Nilikaa na simu mkononi nikatazama namba zikishuka polepole mpaka magharibi. Mvua haikuwa imenyesha. Nilihakikisha kwa kumuuliza mtu mwingine wa Mlingotini, si shangazi, na hapo ndipo nilipoanza kumzunguka. Nikafungua kumbukumbu za swichi ya mlango. Kila Alhamisi, baada ya alasiri, mlango wa ghala ulikuwa umefunguliwa kwa dakika chache na kufungwa. Siku hiyo hapakuwa na kazi ghalani. Ufunguo ulikuwa mmoja.

Mnunuzi alikuwa akija Ijumaa asubuhi na mizani yake. Ukimwagia mwani maji jioni ya kuamkia siku hiyo, gunia linakuwa zito. Wazo hilo liliniingia nikiwa nachemsha mayai bwenini, na nilipomaliza kuyamenya lilikuwa limeshakuwa ukweli. Kulikuwa na kasoro moja: mnunuzi hakuwa akija kila Ijumaa, alikuja moja akaruka moja, na unyevu haukuruka hata moja. Niliiona kasoro hiyo. Nikasema pengine anajizoeza.

Nilimpigia nikajifanya nauliza jambo la kawaida. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, tukaulizana hali za watu na za bahari. Halafu nikauliza kama kuna mtu anaingia ghalani siku za Alhamisi.

"Ufunguo ninao mimi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

"Haingii mtu wa kuharibu," akasema, kisha akasema chungu chake kinaungua.

Jibu lile nililigeuza kichwani siku nzima. Mtu asiye na la kuficha angesema haingii mtu, basi. Yeye amesema haingii mtu wa kuharibu, maana yake kuna anayeingia. Nilijiona nimemnasa kama wakili. Niliumia pia, nisijifanye sikuumia. Huyu ndiye aliyenifundisha nisile kitu cha mtu hata kama ni ubuyu mmoja. Lakini maumivu hayakunipunguzia kushuku, yaliongeza. Nilikumbuka mambo ya zamani, jinsi alivyokuwa akificha halua chini ya kitanda, nikayaweka nayo kwenye hesabu.

Wiki ya tano nilikwenda Mlingotini bila kutoa taarifa, Jumatatu. Nilishuka Bagamoyo, nikachukua bodaboda, nikamkuta shangazi uani akifunga mbegu kwenye kamba. Alifurahi, kisha nilipomwomba tuende ghalani nikaona macho yake yakihama. Nilipoingia nilisikia harufu ya marashi. Ghala la mwani linanuka chumvi na bahari iliyolala, na marashi yana kazi gani pale? Nikasema moyoni, anaficha harufu ya maji. Chini ya boriti palikuwa na gunia lililobonyea katikati na alama ya unyayo mdogo. Nikasema, hapa ndipo anapopanda kufikia magunia ya juu. Nikatazama boksi langu kwa chini. Tone la rangi ya kucha kwenye skrubu zote nne lilikuwa zima. Basi, nikasema, kifaa hakijaguswa. Sikuomba ngazi. Sikulifungua. Dakika tano zilitosha kulishusha, na bisibisi ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Shangazi alisimama mlangoni muda wote ule. "Kinakwenda vizuri?" aliniuliza.

"Kinaona kila kitu," nilimjibu, nikamkazia macho.

Aliinamisha uso akatabasamu. Niliona ni tabasamu la mtu mwenye hatia.

Nikarudi chuoni na kumwonyesha mwalimu michoro. Alitazama vilima vile vya Alhamisi, vyote sawasawa kama meno ya kitana, akanywa chai yake.

"Umelifungua boksi?"

"Nimelifungua," nilisema.

"Umekuta nini?"

"Safi kabisa. Skrubu hazijaguswa."

Skrubu kweli hazikuguswa. Niliweka neno moja la kweli nyuma ya neno moja la uongo, nikaona yamelingana. Mwalimu akasema kama ni hivyo, basi kuna mkono wa mtu, ila jambo kama hilo haliandikwi kwenye ripoti kabla wenye ghala hawajaambiwa. Namba zile ni zao, alisema, wazisikie wao kwanza.

Kwa hiyo nilikwenda kuwaambia. Nilianza na mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akinipa kashata nilipokuwa mdogo. Nilimwonyesha michoro kwenye simu. Hakuielewa vizuri, lakini alielewa Alhamisi, alielewa mlango, na alielewa ufunguo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kifaa hakina shangazi wala mjomba. Nilikuwa nimeuandaa msemo ule njiani.

Wakakusanyika barazani mbele ya ghala siku ya pili, wote wakiwa na mikeka yao. Mwenyekiti alizungumza kwa heshima, kwa kuzunguka sana, mpaka nikatamani afike. Alipofika, hakuna aliyemtazama shangazi isipokuwa mimi. Shangazi alinitazama mimi.

"Kidude chako ndicho kilichosema hivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwamba Alhamisi mimi naingia, na maji yanaingia."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo kazi yako utakayoipeleka chuoni."

"Ndiyo hiyo."

Nilingoja ajitetee. Nilikuwa na majibu ya kila utetezi, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Badala yake aliingiza mkono shingoni, akauvuta utepe wa kanga kupitia juu ya mtandio wake, akaukunja vizuri na kuuweka ufunguo mkekani mbele ya mwenyekiti.

"Kama kimesema, kimesema," alisema. "Mimi nimeingia, na maji nimeingia nayo."

Akainuka, akakung'uta gauni, akaenda zake. Mwanamke mmoja alianza kulia. Mimi nilihisi nimethibitishwa, na chini ya kuthibitishwa huko palikuwa na kitu kilichonichoma, ila nilikiita huruma. Usiku ule nililala kwa mwenyekiti.

Siku ya kuwasilisha mradi nilivaa suti ya kuazima. Walimu watatu walikaa mbele, na mmoja ambaye hakuwahi kunifundisha alisema hiki ndicho walichokuwa wakikitafuta miaka yote, kifaa cha bei ndogo kinachoona udanganyifu ambao macho ya watu wanaojuana yamekataa kuuona. Wenzangu walinipigia makofi. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani. Nilimtumia shangazi ujumbe kwamba nimefaulu. Hakujibu, nami sikumlaumu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kushusha boksi ili nirudishe vifaa vya chuo. Mwenyekiti ndiye aliyenifungulia ghala. Nililibeba hivyohivyo mpaka maabara, nikaliweka mezani, nikakwangua rangi ya kucha na kufungua skrubu. Mwalimu alikuwa meza ya pili akisahihisha karatasi.

Kifuniko kilipotoka, harufu ya marashi ilinifikia kabla sijaona kitu. Kisha nikaona. Ubao wote chini, kuzunguka matundu niliyotoboa, ulikuwa na madoa ya njano iliyokolea, tone juu ya tone, yamekauka na kuacha ukoko mwembamba. Kihisi chenyewe kilikuwa kimepakwa njano ile kama wali wa biriani. Nilikigusa kwa kidole nikakilamba kidole. Nilikuwa naijua ladha ile. Niliinywa nimesimama mlangoni, asubuhi za mitihani, na sare yangu.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilimwona shangazi akitoka kwa mwalimu wa madrasa siku ya kuamkia Ijumaa, na mrashi, kile chupa cha kunyunyizia marashi, umejaa kombe, akipanda juu ya lile gunia na miguu yake yenye baridi yabisi, akirusha matone juu, ndani ya matundu. Mimi nilikuwa mbali, siwezi kunywa. Lakini nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba kile na mimi ni kitu kimoja, na kwamba kinachokipata kinanipata.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliokota kipande cha rangi nyekundu niliyoikwangua, akakiangalia kwenye mwanga.

"Rangi hii ni tabaka moja tu, ya siku ya kwanza," alisema. "Hukuwahi kulifungua."

"Sikulifungua."

Alirudi kwenye meza yake, akakiweka kipande kile juu ya karatasi zake. "Ripoti utaiandika upya wiki hii, na alama tutazitazama upya. Ila wale wanawake hawasomi ripoti."

Jioni ile nilikuwa Mlingotini. Nilianza kwa mwenyekiti, nikamwomba awaite wote tena. Niliwaambia kila kitu, pamoja na uongo wangu kuhusu boksi, na niliwaonyesha ule ubao wa njano. Waliupokezana mkono kwa mkono na kuunusa. Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana. Mwenyekiti alitungua ufunguo kutoka kwenye msumari wa ukutani kwake, akanipa, akasema, mpelekee mwenyewe.

Nilimkuta uani akibandika chungu. Nilipiga magoti, nikamshika miguu, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba. Aliona ubao mkononi mwangu, akaelewa.

"Kwa nini hukusema, shangazi? Pale barazani. Neno moja tu."

"Ningesema ni kombe, ingejulikana kidude chako nimekiharibu mimi, na kazi yote imekwenda na maji. Ungefeli." Alisukuma kuni ndani. "Heri wanione mimi mwizi."

Nilitoa ufunguo, nikauweka kwenye paja lake pamoja na utepe wake. Aliutazama. Kisha akauchukua kwa vidole viwili na kunirudishia.

"Mpelekee mwenyekiti. Niliuvua mwenyewe mbele za watu, sitauvaa kwa kuonewa huruma."

Nikambembeleza, nikalia, nikamwambia wote wamekubali. Alikuwa ameshasema. Aliniuliza kama nimekula. Halafu, kama mtu anayeulizia habari za safari, akauliza kama ni kweli nilifaulu.

"Nilifaulu. Lakini watatazama upya."

"Basi Mungu ataangalia." Alifunika chungu. "Mimi kila uliponipigia Alhamisi nilikuuliza umeupata, ukaniambia umeupata. Ningejuaje?"

Moto ulikuwa unataka kuzima. Aliinama kuupuliza, na alipokuwa anainuka kidole chake kilipanda kifuani kurudisha ufunguo ndani ya gauni, kikatafuta, kikakuta hapana kitu.